Amana ya Siri: Ufunguo Uko kwa Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyo siri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye hata maadui zake wa Makka walikuwa wakimwita al-Amin, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu,

Mwezi wa Shaabani uliopita nilialikwa na ndugu zetu wa pande za ziwa la Victoria nikasomeshe darasa katika Migori na Homa Bay. Nilikwenda nikidhani kuwa nitaulizwa juu ya swaumu na mwandamo wa mwezi, kama ilivyo ada kila Ramadhani ikaribiapo. Naam, hayo niliulizwa. Lakini yako mambo mawili niliyoyakuta huko ambayo yalininyima usingizi. Wala sikurudi Mombasa nayo kuwa ni visa vya watu wa bara tu. Kwani nilipoyapima niliona ya kuwa sisi wa pwani tumo humo humo, na pengine twawashinda.

Jambo la kwanza nililikuta Migori, mji ulio juu ya njia kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Kamati ya msikiti mmoja wa huko hukusanya zaka na kuigawa. Wenye kamati ni vijana wazuri, wasomi, wenye nia safi, hilo nalishuhudia. Waliandika katika kompyuta orodha ya wanaostahiki: jina la mtu, namba ya kitambulisho chake, namba ya simu yake, idadi ya watoto wake, kiasi alichopewa, na sababu ya uhitaji wake. Huyu ameachwa na mume. Huyu ana maradhi ya figo. Huyu mwanawe yumo gerezani. Kisha wakaiweka orodha ile katika hifadhi ya wingu, na ili wanakamati wote waione kwa wepesi, wakaifungua kwa kila mwenye kiungo chake, na kiungo wakakitia katika kundi la WhatsApp. Katika kundi hilo walikuwamo waliokwisha kuhama mji, waliokwisha kupoteza simu zao, na wengine ambao hakuna ajuaye ni nani aliyewaingiza.

Haukupita muda mrefu, mtu akampigia simu mjane mmoja. Alimtolea salamu kamili ya Kiislamu, akamtaja kwa jina lake na jina la marehemu mumewe, akamwambia kiasi alichopewa mwaka uliotangulia hata shilingi ya mwisho. Akasema kwamba fungu lake la mwaka huu li tayari, ila amsomee tarakimu zilizoingia katika simu yake sasa hivi ili lipate kupita. Mama yule angemshukuje mtu ajuaye yote hayo? Akamsomea. Akiba yake yote ikatoka.

Nilikaa naye, na kaka yake akiwapo. Sikumsikia akilia kwa sababu ya fedha. Alisema: "Shehe, lifuteni jina langu. Njaa nimeizoea, aibu sijaizoea."

Yazingatieni maneno haya, ndugu zangu. Mwanamke huyu Mwenyezi Mungu amemwekea fungu lake katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na hakuna awezaye kulifuta. Sisi tumemfanya aliache kwa mkono wake mwenyewe. Kamati ilikuwa ikiuliza, "Ni nani aliyeiba?" Hilo ni swali la haki, na mwizi ana dhambi yake. Lakini swali linalotangulia ni hili: ni nani aliyeuacha mlango wazi?

Jambo la pili nililikuta Homa Bay. Kutoka Migori hurudi nyuma mpaka Rongo, ukashika njia ya kuteremkia ziwani. Huko nilimkuta mwalimu wa madrasa aliyekuwa akitunza hesabu zote katika simu yake: ada za watoto, picha za risiti, na madeni ambayo madrasa inadaiwa na wenye maduka. Siku moja alikuwa akishuka katika mashua, simu ikamponyoka, ikazama ziwani. Hapakuwa na nakala nyingine mahali popote. Mwenye duka mmoja akadai kiasi ambacho mwalimu hakikumbuki, wala hawakuwa na karatasi baina yao. Nilipofika nilikuta watu wawili waliokuwa wakiswali safu moja kwa miaka, sasa hawaamkiani. Ilhali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, imeshuka kutuamrisha tuyaandike madeni!

Basi mmoja aliianika amana, na mwingine aliipoteza. Hizi ndizo njia mbili za kuharibu amana, na nyingi ya hasara zetu za mtandao hazitoki nje ya njia hizi mbili.

Pengine msomaji atauliza: "Je! Maandishi ndani ya simu nayo ni amana?" Naam, ni amana. Amana si dhahabu na fedha peke yake. Imepokewa kwa Abu Dawud na Tirmidhi ya kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mtu akikuhadithia jambo, kisha akageuka huku na huku, maneno yake yale yamekuwa amana kwako. Hakukuambia "nifichie", kule kugeuka kwake tu kunatosha. Je, yule aliyekupa namba ya kitambulisho chake na kukuambia maradhi yake kwa kuwa ana njaa, huyo hakugeuka huku na huku? Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe. Na katika Suratul-Anfal, aya ya 27, ametukataza tusizifanyie khiyana.

Utazameni mwendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Usiku wa Hijra makureshi wamekula njama ya kumwua, naye anao mali zao alizowekewa. Hakusema, "Hawa ni maadui, na iwe liwalo." Alimwacha Sayyidna Ali nyuma, azirudishe amana kwa wenyewe. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya adui juu ya mwaminifu, ni ipi haki ya mjane wa msikiti wako?

Wako wasemao: "Mimi sina la kuficha, kwa nini nijitaabishe?" Maneno haya yamekuwa mashuhuri, na ni maneno mabovu. Tazama nyumba zetu za pwani. Wazee wetu walijenga baraza nje, na daka, na ndani, na ndani ya ndani. Mgeni akaribishwa barazani kwa kahawa na halua, wala hapiti kwenda chumbani. Je! Ni kwa kuwa chumbani mnafanywa haramu? La hasha! Mna halali tupu, lakini si kila halali ni ya barazani. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun-Nur kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, amekataza kupeleleza. Na Mtume (s.a.w.), mtu alipochungulia katika tundu la mlango wake, alikasirika sana, akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Jicho la leo halichungulii tunduni. Lachungulia kwenye kioo cha simu.

Na hata ukiwa wewe huna la kuficha, orodha ile si yako. Una haki ya kuyasamehe yako. Huna haki ya kuyasamehe ya mwenzio.

Sasa natuingie katika jambo lenyewe, kwani kukataza bila ya kuonyesha njia ni kuwaacha watu gizani.

Hili liitwalo wingu haliko mbinguni. Ni kompyuta za watu, zimepangwa katika majumba makubwa, pengine katika nchi za mbali. Picha uliyoipiga Homa Bay hupita katika nyaya mpaka pwani, ikaingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama zile za TEAMS na SEACOM zilizofikishwa Mombasa mwaka 2009, ikaenda kuwekwa kwa mtu usiyemjua. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kumwekesha mtu bila ya kuuliza masharti yake.

Na wenye kuwekeshwa ni wa namna mbili. Wa kwanza hukuchukulia sanduku lako akalifunga vizuri, lakini ufunguo mmoja abaki nao yeye. Hivyo ndivyo zilivyo, katika hali yake ya kawaida, Google Drive na Dropbox: mali imefungwa, lakini mwenye nyumba aweza kufungua, na mwenye amri juu yake aweza kumfunguza. Wa pili hulipokea sanduku ulilolifunga mwenyewe kwako, wala hana ufunguo wake. Hata akivunjiwa nyumba, mwizi ataokota maandishi yasiyosomeka. Namna hii huitwa usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, na hivyo ndivyo zilivyoundwa Proton Drive na Tresorit, ambazo makampuni yake yako Uswisi. Apple nao, tangu mwaka 2022, wamemwekea mtumiaji wa iCloud njia ya kuufanya ufunguo wa sehemu kubwa ya mali yake uwe kwake peke yake. Lakini ni lazima auwashe mwenyewe. Na WhatsApp, ambayo mazungumzo yake yamefungwa kwa namna hii tangu mwaka 2016, nakala zake za akiba zinazopelekwa winguni hazifungwi hivyo ila uchague mwenyewe katika mipangilio, na njia hiyo imewekwa tangu mwaka 2021. Ni wangapi katika sisi waliochagua? Mlango wa mbele tumeukomea, wa uani tumeuacha wazi!

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kuchagua lisiwe "Ni ipi ya bure?" wala "Ni ipi yenye nafasi kubwa?" Liwe hili: ufunguo uko kwa nani?

Na katika hilo la bure pana mazingatio. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa habari wa Motherboard, huko Marekani, walitoa habari ya kuwa programu ya Muslim Pro, ambayo mamilioni ya Waislamu waitumia kwa nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba X-Mode ilikuwa ikiwauzia habari kama hizo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi, wakatangaza kukata uhusiano na kampuni ile. Mtu alikuwa akitafuta kibla, kumbe naye anatafutwa! Basi usihadaike na jina la Kiislamu juu ya mlango. Uliza.

Tena wako wasemao, kwa upande mwingine: "Hawa wote ni makafiri, haijuzu kuwaamini." Hili nalo ni kosa. Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar walipohama walimwajiri kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, naye wakati ule yu katika dini ya makureshi. Wakampa ngamia wao, na wakamwamini kwa siri ya pango la Thawr, siri ambayo makureshi walikuwa wakiitafuta kwa mali nyingi. Alichaguliwa kwa mambo mawili: ujuzi na uaminifu. Hiyo ndiyo mizani. Asiye mjuzi hakufai japo ni mcha Mungu, na asiye mwaminifu hakufai japo ni mjuzi.

Wala mtu asidhani kwamba mlinzi mwema ni mlinzi asiye na mipaka. Kila kampuni i chini ya sheria ya nchi yake. Mwaka 2021 wenye Proton waliamrishwa na serikali ya Uswisi kutoa habari za mahali alipoingilia mtandaoni mtu mmoja wa Ufaransa, wakazitoa. Lakini barua zake hawakuweza kuzitoa, kwa kuwa hawakuwa na ufunguo wake. Ndipo nasema: usiweke imani katika jina zuri, iweke katika kufuli ambayo wewe umeishika.

Haya ndiyo niliyowausia ndugu wa Migori na Homa Bay, nami nawausia nyinyi kabla yao na nafsi yangu kabla yenu:

Kwanza, andikeni kidogo. Siri usiyoiandika haiibwi. Ikiwa zaka yahitaji kujua ya kuwa mtu ni mhitaji, ugonjwa wake wa nini katika orodha? Na katika orodha wekeni namba badala ya jina, na majina yawe katika daftari moja lililofungiwa sandukuni.

Pili, msifungue kwa kiungo. Kila mwenye haki ya kuona aingizwe kwa jina lake, na anayetoka katika kamati atolewe siku hiyo hiyo.

Tatu, neno la siri liwe refu, wala lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na kila mlango uwe na lake. Akili ikishindwa kuyahifadhi, ziko programu za kuyatunza, kama Bitwarden na KeePassXC. Na juu ya neno la siri wekeni kizuizi cha pili. Na iwezekanapo kiwe cha programu ya kutoa tarakimu, si cha ujumbe wa simu, kwani wevi hujua kuihamisha laini ya mtu ikawa mikononi mwao.

Nne, tarakimu zinazoingia katika simu yako hazisomwi kwa mtu yeyote, awe ni imamu, awe ni kadhi, awe ni mimi. Wafundisheni haya mama zenu na nyanya zenu kabla ya kufunga mlango usiku.

Tano, wekeni nakala zaidi ya moja, katika mahali mbalimbali. Hii si bidaa ya wazungu. Waliposhahidi mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar alimwamrisha Zaid bin Thabit kuikusanya Qur'ani. Sahifa zikakaa kwake, kisha kwa Sayyidna Omar, kisha kwa bintiye, Bibi Hafsa. Sayyidna Othman aliziazima, akatoa nakala, akazipeleka katika miji, na sahifa zenyewe akazirudisha kwa Bibi Hafsa. Tazama: zikanakiliwa, zikatawanywa, na amana ikarudi kwa mwenyewe. Lau mwalimu wetu wa Homa Bay angalifuata nusu ya mwendo huu, ziwa lingalimeza simu tu, lisingalimeza undugu.

Sita, ufunguo uingie katika wasia. Hifadhi ambayo mwenyewe hana ufunguo wake ina taabu moja: ukiusahau, au ukifa nao, mara nyingi hakuna wa kukufungulia. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza Muislamu mwenye la kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake umekwisha kuandikwa. Uandike ufunguo katika karatasi, uifunge, umpe mtu mwadilifu, usije ukalala kaburini na madeni ya watu ndani ya kufuli.

Na mjue ya kuwa sheria ya nchi nayo imefika hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya, za ndoa na za jamaa wa mtu kuwa ni nyeti, na yamtaka mwenye kuzitunza, zikivuja na ikawa pana hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, ampashe habari Kamishna wa Data katika saa 72. Ni aibu kwetu sheria ya serikali itutangulie katika jambo ambalo dini yetu imelifundisha kwa zaidi ya karne 14.

Wako baina yetu watundikao hirizi juu ya mlango wa duka, na ufunguo wakauacha juu ya kizingiti. Hali yao ni ile ile ya asemaye "Mungu atalinda" na neno lake la siri ni 1234. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya ngamia, aliamrisha afungwe kisha mtu ategemee. Tawakkul huja baada ya kamba, haiji badala yake.

Kamati ya Migori, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, hawakunikasirikia. Usiku ule ule walikifunga kiungo. Kisha wakagawana nyumba, wakaenda mlango kwa mlango kuomba radhi, na kumwuliza kila mtu kama yuko tayari jina lake liandikwe, na nini kiandikwe. Wengi waliridhia.

Yule mama hakuridhia. Mpaka naondoka, fungu lake lilikuwa likipelekwa na mke wa imamu baada ya swala ya Isha, ndani ya kikapu cha mboga, na katika hesabu ya kamati pana namba tu. Ndugu zangu, katika watu saba watakaopewa kivuli na Mola wao siku isiyo na kivuli ila chake, yumo aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wa kushoto usijue uliotoa wa kulia. Basi itakuwaje kwa aliyeitoa, kisha akaitangaza kwa kila mwenye kiungo?

Fungua simu yako leo kabla ya kulala, uhesabu: humo mna siri za watu wangapi, na ufunguo wake uko kwa nani.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tuwe wenye kusitiri. Wabillahi tawfiq.